Sura ya Tisa: Nafasi Moja kwa Wawili

Daktari alikuwa na kawaida moja mbaya: habari nzito alizitoa akiwa na chakula mdomoni. Asubuhi ile ya mwisho ya msimu alikaa kwenye baraza ya kituo cha utafiti wa ndege anachokiongoza, kipande cha mkate mkononi, na mbele yake watu wawili walikuwa wameinamia ndoo wakisugua matope kwenye miguu ya darubini.

"Profesa wa vitwitwi alinipigia simu jana," alisema huku anatafuna. "Mwaka huu ana nafasi moja tu ya uzamili, na ufadhili wake. Kabakiwa na majina mawili mezani. Majina yote mawili yanalala chini ya paa langu."

Brashi ya Shore ilisimama. Ya Desimali nayo ikasimama. Waliinua vichwa kwa pamoja wakatazamana.

"Wewe pia?" Shore aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na wewe?"

Daktari akaacha kutafuna. "Ngojeni kwanza. Mnataka kuniambia kwamba hamkuwa mnajua?"

Desimali alitikisa kichwa.

"Nyie si mnaoana? Ndoa yenu si hii hapa mlangoni?" Aliweka mkate chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Kila mmoja alikuja ofisini kwangu peke yake, akaomba nimwandikie barua ya kumpendekeza, akaniambia, 'Daktari, tafadhali mwenzangu asijue.' Mimi nikadhani mnataka kushtukizana, mambo ya wapenzi. Nikajinyamazia. Kumbe nimefuga vichaa!"

"Amemchagua nani?" Desimali aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi.

Daktari alimtazama yeye, halafu akamtazama msichana. "Amemchagua Shore. Wewe ni wa pili. Shore akikataa, nafasi inakuja kwako moja kwa moja. Profesa atampigia leo mchana na anataka jibu papo hapo. Vitwitwi wa huko kwake ng'ambo wanakaribia kutaga, hawamsubiri mtu amalize kufikiri."

Desimali alirudi kwenye ndoo. Akausugua mguu wa darubini ambao tayari ulikuwa unang'aa.

"Hongera," alisema, bila kuinua uso.

"Asante," Shore alijibu.

Walikuwa wameongea kama watu wawili waliokutana benki.

Majina yao halisi yalikuwa kwenye mikataba tu. Msichana aliitwa Shore tangu siku zake za mwanzo kituoni, kwa sababu kama ndege huyo wa vichakani, hakuweza kuona jambo asilipigie kelele. Desimali alipata jina lake kwa kukataa kuandika uzito wa ndege bila nukta na tarakimu baada ya nukta. Mpishi wa kituo alipomuuliza sukari vijiko vingapi, alijibu, "Kimoja nukta tano," na tangu siku hiyo hakuitwa jina jingine.

Wote wawili walikuwa watu wa msimu. Mkataba ulianza ndege walipoanza kutaga na ukaisha makinda waliporuka. Miezi iliyobaki Shore aliwafundisha hesabu watoto wa majirani, na Desimali alitengeneza redio na simu kwenye kibanda cha mjomba wake. Kila msimu ulipokwisha waliwaandikia maprofesa. Wengi hawakujibu. Wengine walijibu kwa adabu kwamba hawana nafasi, au nafasi ipo ila ufadhili haupo. Baba yake Shore, fundi wa malori, aliwahi kumuuliza, "Digrii ya pili ya kuhesabu ndege? Kwani nani kalalamika kwamba wamepungua?" Shore akamjibu, "Mimi, baba." Mzee alicheka mpaka akakohoa, na baada ya hapo hakumpinga tena.

Kosa lao lilitoka kwenye kazi yenyewe. Katika kuhesabu vitwitwi na ndege wengine wa ufukoni, watu wawili husimama mahali pamoja, kila mmoja na darubini yake na kadi yake. Hawasemezani, hawaonyeshani kidole. Hata kugeuza shingo ghafla ni mwiko, kwa sababu mwenzako akigeuka na wewe utageuka, na hapo hesabu mbili zimekuwa moja. Wakimaliza ndipo wanafunua kadi na kulinganisha: hawa tumewaona sote, hawa umewaona wewe peke yako, hawa nimewaona mimi. Kutokana na tofauti hiyo, mtu hukadiria idadi ya ndege ambao wote wawili hawakuwaona.

Misimu mitatu Shore na Desimali walisimama hivyo, bega kwa bega, bila neno. Kwa mtu mwenye mdomo kama wa Shore ilikuwa adhabu mwanzoni. Baadaye ikawa ndiyo saa anayoingojea. Aliijua pumzi ya Desimali inavyokatika anapomwona ndege mwenye pete za rangi mguuni. Alijua harufu ya shati lake likikauka juani. Naye Desimali, siku aliyomwambia kwamba anampenda, alimwambia hivi: "Kuna hesabu moja ya msimu uliopita ambayo yangu ilikuwa pungufu sana. Daktari alidhani nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakutazama wewe." Kwa mtu aliyeitwa Desimali, kukiri kwamba aliharibu hesabu lilikuwa jambo zito kuliko kiapo.

Kwa hiyo ulipofika wakati wa kutuma maombi ya chuo, yeye ndiye aliyetoa wazo. "Tufanye kama kwenye hesabu," alisema. "Kila mtu na kadi yake. Nisichague chuo kwa sababu yako, wala wewe usichague kwa sababu yangu. Tusije tukalaumiana uzeeni."

Shore aliona ni maneno ya mtu mzima. Alimpenda zaidi kwa ajili ya maneno hayo. Lakini walikuwa wamesoma makala zile zile kwa mwanga wa taa moja, wamelala kifudifudi kwenye kokoto zile zile wakimlinda ndege yule yule. Dunia nzima ilikuwa na maprofesa, na wao, kila mmoja kwa siri yake, wakamwandikia mmoja.

*

Mama yake Desimali alikuwa kituoni tangu jana yake. Alikuwa mjane na fundi cherehani, na alipoambiwa kwamba bibi harusi hawezi kuja mjini kupimwa gauni mpaka msimu uishe, alipanda gari lililoleta mafuta ya jenereta, gauni likiwa kwenye mfuko wa nailoni mapajani mwake. "Bibi harusi hatoki porini," aliwaambia wote waliotoka kumpokea, "basi gauni litamfuata huko huko porini."

Sasa Shore alisimama katikati ya chumba cha stoo, kati ya nyavu zilizokunjwa na maboksi ya betri, gauni jeupe likiwa limembana kiunoni. Mama alipiga magoti nyuma yake, pini zikiwa zimepangwa midomoni.

"Simama wima."

"Nimesimama, mama."

"Umesimama kama mtu anayengoja kuchapwa. Geuka. Usinyanyue bega."

Shore aligeuka. Kupitia dirisha aliuona ufuko mrefu wa kokoto za kijivu na maji yaliyotulia nyuma yake. Mbali kidogo, mtu mrefu alikuwa anatembea ameinama.

"Ameniambia," Mama alisema.

"Nilijua atakuambia."

"Hakuniambia kwa hiari. Aliingia, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nimekunywa. Akakaa kitandani, akavua viatu, akavivaa tena. Nikamwambia, haya, tapika." Alichoma pini moja kwenye pindo. "Akatapika."

Mama alilivuta pindo, akalinyoosha.

"Mkwe wangu, mimi sijui kuzunguka. Wewe una akili na bado mbichi. Huyo profesa hatakuwa wa mwisho kukutaka. Mwanangu alianza kuandika barua hizo wewe ukiwa unavaa sare za shule. Kila mara anajibiwa kwa mstari mmoja, na huo mstari anausoma mara nyingi kana kwamba una kitu kimejificha ndani. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu amemuuliza swali. Unajua alivyorudi nyumbani siku aliyoulizwa swali? Alinishika mikono akanizungusha jikoni. Mimi na magoti yangu haya."

"Hakuniambia," Shore alisema.

"Si mlikuwa mnafichana? Inua mkono."

Shore aliinua mkono. Aliona kwa macho ya akili yule mtu mpole, mwenye haya, akicheza na mama yake jikoni, na iliuma kwamba furaha hiyo ilikuwepo duniani na yeye hakuiona.

"Akienda yeye," Mama aliendelea, "mnaoana, unamfuata. Hakuna mtu atakayeuliza swali. Ukienda wewe, yeye atakufuata kama nani?"

"Kama mume wangu."

"Watu watasema."

"Watu gani, mama?"

Mama alitoa pini zote mdomoni, akazishika kiganjani, akanyanyuka polepole mpaka wakatazamana.

"Mimi. Mimi ndiye nitakayesema. Nakuambia sasa ili kesho usiseme hukuonywa. Nitasema mwanangu yuko ugenini anafua na kupika, anamngoja mkewe arudi kutoka kwa ndege. Sitapenda kusema, lakini nitasema. Naujua mdomo wangu."

Kama Mama angekuwa mnafiki, Shore angepata pa kumshikia. Lakini mwanamke huyu alikuwa amesimama mbele yake na ukweli wake mkononi pamoja na pini, na jambo baya zaidi lilikuwa kwamba Shore alimpenda. Alikuwa ameanza kumpenda hata kabla ya kumpenda mwanawe vizuri.

"Yeye ndiye aliyekutuma uniambie haya?"

"Nani? Huyo?" Mama alicheka kidogo, bila furaha. "Huyo hawezi kumtuma mtu hata chumvi mezani. Atakula chakula hivyo hivyo, akitazama kopo. Angekuwa anajua kuomba, ningekuwa nimekaa kitako muda huu nakunywa chai yangu."

Alizunguka nyuma, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alipofika cha mwisho, alitulia, viganja viwili vikiwa mgongoni kwa Shore.

"Gauni linakukaa," alisema, na sauti yake ikashuka. "Vyovyote utakavyoamua, sitalifumua. Nimekushonea wewe."

*

Shore alimkuta Desimali ufukoni, aking'oa vijiti vya alama. Kila kiota walichokipata msimu ule kiliwekewa kijiti kilichopakwa rangi nchani, hatua kadhaa kutoka kwenye mayai, na msimu ukiisha vijiti vyote hung'olewa ili ufuko ubaki kama ulivyokuwa. Desimali alikuwa amekumbatia fungu lake kifuani kama kuni.

"Umekuja bila kofia," alisema.

"Na wewe umekuja bila kuniaga."

Alianza kung'oa naye. Walikwenda hivyo kwa muda, kijiti baada ya kijiti, kokoto zikilia chini ya viatu. Simu ya Shore ilikuwa mfukoni, na mkono wake ulikuwa unaigusa kila mara kama mtu anayehakikisha jino bovu bado linauma.

"Unaonaje?" aliuliza hatimaye.

"Kuhusu nini?"

"Desimali, jua linanichoma utosi. Usiniulize kuhusu nini."

Desimali alichomoa kijiti, akakipangusa mchanga kwa kidole gumba. "Ni nafasi yako. Siwezi kukuamulia. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana wakati wa kuandika. Sasa kadi zimefunuliwa, na kadi zikifunuliwa watu wanalinganisha. Haya, mimi naanza." Alivuta pumzi. "Naitaka. Naitaka sana. Daktari aliposema jina langu, kitu cha kwanza nilichosikia ni furaha, na ilinichukua muda kukukumbuka. Nakuambia hivyo na naona aibu. Halafu nikakukumbuka, na nikakutaka wewe kwa nguvu ile ile. Hiyo ndiyo kadi yangu. Ya kwako?"

Desimali alitazama maji. Yangeyange watatu walikuwa wamesimama kwenye kina kifupi, weupe, wasio na haraka.

"Kule kuna baridi kali," alisema. "Na kifua chako hakipendi baridi."

"Nitavaa sweta."

"Mwaka wa kwanza hutakuwa na mtu aliyekuzoea."

"Nitaongea na kuta. Unanijua."

Desimali karibu atabasamu. Shore aliona tabasamu likija na kuzimika, akasogea karibu yake.

"Njoo na mimi," alisema haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Profesa huajiri msaidizi wa uwanjani kila msimu. Hawezi kupata mtu wa kutafuta viota anayekushinda wewe. Tunaoana, tunaenda wote. Unafanya kazi, unajulikana pale, mwakani unaomba nafasi yako ukiwa ndani badala ya kuwa nje. Nimewaza tangu asubuhi. Inawezekana."

"Niwe msaidizi wa profesa."

"Ndiyo."

"Kwenye utafiti wa nani?"

Shore aliinama, akaokota kokoto moja.

"Sema tu. Kwenye utafiti wako. Niwe msaidizi wako."

"Msimu wa kwanza nilikuwa msaidizi wako mimi. Nilikubebea ndoo. Ulinikaripia kwa sababu ya nukta!"

"Ilikuwa tofauti."

"Tofauti ipi?"

"Sijui." Alihamisha fungu la vijiti kutoka mkono huu kwenda huu. "Tofauti tu. Halafu kuna mama, hawezi kukaa peke yake na presha yake. Na kibali cha mwenza kinachukua muda, watu wanasema wengine wamengoja mpaka masomo yakaisha. Na kibanda, mjomba ananitegemea. Na nyumba za kule..."

Aliendelea. Shore alimsikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyotambua kitu alichowahi kukiona mahali hapo hapo. Kitwitwi akiona mtu anakaribia mayai yake hapigani. Anashuka chini, anatandaza bawa moja kana kwamba limevunjika, anajiburuza kwenye kokoto akilia, mtu amfuate yeye na akisahau kiota. Desimali ndiye aliyemfundisha. "Usimfuate," alimwambia siku ile, mdomo ukiwa karibu na sikio lake. "Ana maumivu ya uongo. Rudi nyuma, kaa chini, ngoja aende mahali anapopapenda."

"Unaniburuzia bawa," Shore alisema.

Desimali alikatika katikati ya sentensi.

"Mama, kibali, mjomba, nyumba. Unaniburuzia bawa, mpenzi wangu. Kiota kiko wapi?" Na akafanya kama alivyofundishwa: alirudi nyuma hatua chache, akaketi juu ya kokoto za moto, akangoja.

Ilichukua muda. Desimali alisimama na vijiti vyake kifuani, na uso wake, uso ule aliokuwa ameusoma kwa pembe ya jicho misimu mitatu, ukafanya kazi kama mtu anayenyanyua kitu kizito kutoka kisimani.

"Nataka ukatae," alisema.

Upepo mdogo ulipita juu ya maji. Yangeyange mmoja alihamisha mguu.

"Asante," Shore alisema. Na alimaanisha.

"Hasira yako iko wapi?"

"Inakuja. Niambie kwanza. Na ningekataa?"

"Ningeenda."

"Bila kunisihi nibadili mawazo?"

"Ningekusihi mara moja." Alifumba macho. "Ili baadaye niweze kusema nilikusihi."

"Basi kwa nini hukuniomba? Asubuhi, pale kwenye ndoo. Ungesema neno moja. Pengine ningekupa, Desimali. Mimi mjinga, najijua. Ungeniomba ukinitazama usoni, pengine ningekupa na nikafurahi."

"Kwa sababu nilitaka ulione mwenyewe." Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Ungeliona mwenyewe, isingekuwa mimi niliyekuomba. Ingekuwa umenipa. Nisingekuwa na deni."

Hapo hasira ilikuja, lakini haikudumu. Nyuma yake kulikuwa na kitu kizito zaidi, nacho kikakaa. Misimu mitatu alikuwa ameupokea ukimya wa mtu huyu kama heshima. Aliuvaa kama joho. Aliwaambia dada zake, "Huyu hanisukumi, huyu ananiacha nichague." Na pengine sehemu kubwa ilikuwa heshima kweli. Lakini nyingine ilikuwa mtu anayetazama kopo la chumvi na kungoja asogezewe, na hakuwa na njia ya kujua ipi ilikuwa kiasi gani. Tena hakuweza kumlaumu peke yake. Yeye, mwenye mdomo wa shore, hakuwahi kumuuliza.

"Ningekuja na wewe," Desimali alisema ghafla, "ningekuchukia. Si mwanzoni. Mwanzoni ningekubebea kila kitu. Ningekuchukia taratibu, siku za mvua, ukiwa darasani na mimi nimekaa nakausha buti zako. Nimejipima. Ningependa niwe mtu mwingine, lakini nimejipima, na ndivyo ilivyo."

"Na mimi nikikaa?" Shore aliuliza. "Nikikupa?"

Alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake hayakukimbia. "Wewe ungenichukia haraka zaidi. Wewe hufanyi kitu taratibu."

Shore alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio. Desimali aliviacha vijiti vianguke. Alipiga magoti kwenye kokoto, akamkumbatia kichwa, na Shore akasikia moyo wa mtu huyo ukipiga ndani ya lile shati lililokauka juani, haraka, bila mpangilio, kama kinda mkononi kabla ya kupimwa.

Simu ikalia kati yao.

Wote wawili waliiangalia ikitetemeka mfukoni. Desimali ndiye aliyejitoa kwanza. Alianza kusimama.

"Niondoke?"

"Kaa," Shore alisema, akipangusa uso kwa kiwiko. "Usinifanye niseme hili ukiwa umenipa mgongo."

Akapokea. Sauti ya profesa ilikuwa ya mwanamke mwenye umri, changamfu, yenye haraka ya watu wanaopenda kazi yao. Alisema ameyasoma maelezo yake ya viota mara mbili. Alisema kuna kisiwa kidogo ambacho hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kukifanyia kazi vizuri, na alikuwa anakihifadhi kwa mtu anayefaa. Kisha akauliza kama ameshaamua.

Shore alimtazama Desimali. Alikuwa amesimama mikono ikining'inia, hana tena cha kushika.

"Ndiyo," alisema. "Nakuja."

Desimali hakugeuza uso. Kitu kilipita machoni mwake, na Shore, aliyefundishwa kutazama, aliona kwamba kilikuwa vitu viwili: kimoja kilikuwa kifo cha matumaini yake, na cha pili, hata sasa, hata hapo, kilikuwa fahari.

Profesa alifurahi. Alitaja tarehe na viatu vya mpira. Halafu akasema kuna jambo moja dogo la ofisi ya makazi, samahani sana kwa kumharakisha: barua ya Daktari ilitaja kwamba anatarajia kuolewa. Basi atakuja peke yake au na mwenzake? Vyumba vya wenza ni vichache, inabidi aseme leo.

Shore alifunika simu kwa kiganja.

"Anauliza chumba," alisema. "Cha mtu mmoja au cha wawili."

Desimali alifungua mdomo. Shore aliiona midomo yake ikijiandaa kwa neno moja. Aliliona neno lenyewe karibu litoke. Kisha midomo ikalegea.

"Cha mmoja," alisema.

"Una uhakika?"

"Usiniulize mara ya pili, Shore. Nitadanganya."

Aliondoa kiganja.

"Cha mtu mmoja," alimwambia profesa, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Profesa akasema vizuri sana, basi atamtafutia chenye dirisha linalotazama maji. Akamtakia safari njema, akakata.

Shore aliendelea kuishika simu sikioni. Alisema "ndiyo," akasema "sawa," akasema "nitashukuru," huku hakuna mtu upande wa pili, mpaka aliposikia Desimali anaviokota vijiti kimoja kimoja, na hatua zake zikianza kuondoka juu ya kokoto.